Nani Atakwenda Kuwaambia

9 Januari

Mdogo wangu Redio,

Salamu kutoka chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Mimi mzima, ila soksi zangu hazikauki. Usiku nazitundika kwenye mgongo wa kiti, asubuhi navaa zikiwa na unyevu ule ule. Usimwambie mama.

Nimepata kazi ndogo chuoni. Profesa wangu anafanya utafiti: anataka kulinganisha wanafunzi wa uandishi wa habari wa hapa na wa huko kwetu, aone wanavyopima lililo sawa na lisilo sawa wakiwa kazini. Maswali ni yale yale kwa wote. Wa hapa wameshajibu. Nilipomwambia nina mdogo wangu anayesoma fani hiyo hiyo nyumbani, alisugua viganja kwa furaha. Kwa hiyo kifurushi hiki mpe mwalimu wenu wa uhariri, awagawie, mjibu bila kuandika majina.

Angalia swali la nne. Ajali imetokea, una majina ya waliokufa, jamaa zao bado hawajaarifiwa, na gazeti la washindani wenu linatoka asubuhi. Utachapisha majina au hutachapisha? Halafu la saba: uliyemhoji amesema jambo zuri kwa maneno mabovu, je, unaweza kumtengenezea maneno? Hapa darasani lile la nne lilizua ubishi mpaka tukafukuzwa chumbani, darasa lingine lilikuwa linasubiri. Mimi sikufungua mdomo. Mama husema wewe ulizaliwa na maneno ya watu wawili, yako na yangu. Huku ndiko nimeona kuwa ni kweli.

Watu wapo, usidhani nipo jangwani. Mlango wa kushoto kuna mtu anayekohoa, wa kulia kuna anayeimba akioga. Tukipishana ngazini tunatikisa vichwa, basi. Tangu likizo ianze sijasikia mtu akiniita kwa jina. Juzi muuza duka aliniuliza kama nataka mfuko, nikajikuta nimefurahi kuulizwa.

Kwa kuwa simu ya jirani imekatwa, tunategemea posta. Usisahau Maneno ya Mama pale chini. Barua yako bila maneno ya mama ni bahasha tu.

Kaka yako


27 Januari

Shikamoo Kaka,

Kifurushi kimefika. Bahasha imechanika pembeni kama kawaida yake, lakini karatasi zote zimo. Mwalimu wa uhariri alijitia ukuu siku hiyo. "Utafiti wa kimataifa," alituambia, akarudia kwa waliochelewa kuingia. Ametukalisha mbalimbali kama kwenye mtihani. Pia ameahidi kumtumia Profesa wako gazeti letu la mazoezi kila likitoka, aone kwamba na sisi tumo. Mimi ni mhariri wa ukurasa wa pili, usicheke.

La nne sikuambii nilijibuje. La saba nitakuambia, maana mdomo huu haufungiki. Niliandika: anayemwekea mtu maneno mdomoni afukuzwe kazi siku hiyo hiyo. Mwenzangu wa dawati la nyuma alichungulia akasema nina roho ngumu. Nikamwambia roho ngumu ni ya anayedanganya.

Mama bado anakwenda kufua kule hospitali, ila siku hizi anachoka mapema na ana kikohozi kisichomwachia. Nikimwambia apumzike ananiuliza kama shuka za wagonjwa zitajifua. Anapiga pasi amekaa, Kaka, jambo ambalo hukuwahi kuliona. Watangazaji wa redio wangeiita hiyo habari.

Barua yako nilimsomea yote. Pale uliposema nisimwambie nilikuwa nimeshafika katikati ya sentensi.

Maneno ya Mama (nimeandika alivyosema, sijagusa kitu):

"Soksi haianikwi kwenye kiti, kiti hakina hewa. Azikunje ndani ya taulo, alikanyage hilo taulo, ndipo azitundike. Miaka yote nafua nguo za watu, halafu mwanangu mwenyewe anatembea na maji miguuni. Na huyo anayekohoa mlango wa pili, amekwenda kumuuliza hali? Au anasubiri aandikwe gazetini? Haya, yatosha, nina shuka za kukunja."

Redio


18 Februari

Mdogo wangu,

Majibu yenu yamefika, nami nimekaa nayo siku kadhaa ofisini kwa Profesa. Ofisi ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Kazi yangu ni kuyapanga katika safu mbili, "Atachapisha" na "Hatachapisha". Anayeacha visanduku wazi, au anayezungukazunguka, namwandika "Hakujibu".

Nikuambie kweli, nimeona aibu. Wa hapa wamejibu wakanyooka. Kuna waliosema msomaji ana haki ya kujua, na kuna waliokataa, lakini unajua mtu amesimama wapi. Wa kwetu? Karibu nusu ya darasa hawakugusa kisanduku, wakaandika pembeni mwa karatasi. "Nani atakwenda kuwaambia?" "Mama wa marehemu ana mtu wa kukaa naye?" Mwingine ameandika, "Kwanza aende mtu." Aende wapi? Ameulizwa kuhusu gazeti. Profesa alizisoma, akavua miwani, akasema, "Wenzako wamejibu swali ambalo sikuwauliza." Hakuwa na ubaya, lakini masikio yaliniwaka moto. Wote nimewaandika Hakujibu.

Mimi nasimama na wale wanaotaka ukweli utoke. Habari ni mali ya anayehusika nayo. Ikiwa inanihusu, nipeni, nitajua mwenyewe pa kuiweka. Mtu mzima hafichwi.

Kwa amri ya mama nilibisha mlango wa kushoto. Alifungua kidogo, akashukuru, akasema hajambo, akafunga. Mwambie mama nilijaribu. Mwambie pia taulo limefanya kazi, soksi zimekauka. Kikohozi chake kikoje? Nataka jibu la kweli, si la Redio.

Kaka yako


9 Machi

Mpwa wangu,

Nimefika kwangu salama. Nimefungua kibanda changu cha saa, lakini kila saa ninayoifungua naifunga bila kuitengeneza. Kwa hiyo nimeacha saa za watu mezani nikuandikie wewe.

Mama yako tumemzika vizuri. Watu walikuja, hata wale wauguzi aliokuwa akiwafulia. Dada yangu alipendwa, nami sikujua kwa kiasi kile.

Sasa la kaka yako. Tulilosema mimi na wewe siku ile jikoni nalirudia, maana nakujua: usimwandikie. Habari hii haitiwi kwenye bahasha. Ataifungulia wapi, ngazini? Ataisoma na nani? Akianguka atashikwa na nani? Kuna muuguzi, mteja wangu, anakwenda kusoma katika mji ule ule mwezi ujao. Nimezungumza naye, amekubali. Atafika mpaka chumbani kwake, ataketi, ndipo atamwambia. Mpaka siku hiyo wewe andika kama kawaida yako. Najua wewe ni Redio. Safari hii zima.

Kula, hata kama huna hamu.

Mjomba wako


14 Machi

Shikamoo Kaka,

Samahani nimechelewa, tulikuwa na mitihani. Barua yako ilifika siku ambayo nyumba ilijaa watu, sikuifungua mpaka baadaye.

Umetuonea. "Hakujibu" ni neno gani? Ukichapisha jina alfajiri, kuna mlango ambao haujabishwa hodi. Gazeti linaingia kwa kupitia chini ya mlango, halina mkono wa kumshika mtu. Anayeuliza nani atakwenda kuwaambia hajasema msichapishe. Ameuliza kama kazi imeanzia mahali pake. Unasema mtu mzima hafichwi. Sawa, nakubali. Na mtu mzima aliye peke yake?

Mwambie Profesa wako sisi tumejibu. Yeye ndiye hana pa kuliweka jibu.

Kikohozi cha mama kimekwisha. Anapumzika sasa.

Maneno ya Mama:

"Mwanangu mpenzi, nakukumbuka kila siku. Ninajivunia masomo yako. Usiwe na huzuni, nipo nawe popote ulipo. Nakuombea mema."

Redio


5 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale chini. Habari za swali la nne tuziache kidogo, sina nguvu ya kubishana. Mwambie mwalimu wenu kifurushi chake cha pili kilifika, asante.

Nina ombi. Maneno ya Mama yawe marefu. Jaza hata ukurasa mzima. Muulize anavyonikumbuka nilipokuwa mdogo. Aseme lolote, kwa namna yoyote, mimi sitachagua.

Darasani sijakwenda siku hizi, lakini usitie wasiwasi, ni uchovu. Jioni nafua. Nafua hata zilizo safi, nazikunja ndani ya taulo, nalikanyaga mpaka sakafu inalowa. Juzi yule wa mlango wa kushoto, sijui alisikia nini ukutani, aliniachia chungwa mlangoni. Nililichukua nikafunga mlango.

Wewe unakula? Unalala na nani nyumbani? Usilale peke yako.

Kaka yako


18 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimeshindwa. Ulisema muuguzi ataondoka mwezi huu, sasa unasema safari imesogezwa mbele, na mimi kila barua nazidi kuzama. Kaka anataka maneno marefu ya mama. Jana nilikaa kwenye kile kiti alichokuwa akipigia pasi, nikidhani maneno yatakuja. Hayakuja. Nikaandika yangu, ukurasa mzima, na leo nimeutia posta. Nimeandika kwamba Kaka alipokuwa mchanga alikuwa akilala ndani ya kapu la nguo safi, na kwamba mama alikuwa akimwimbia. Mama hakunisimulia hivyo hata siku moja, Mjomba. Na kuimba, unajua mwenyewe, hakuwa mtu wa kuimba.

Mimi ndiye niliyeandika kwenye ile karatasi ya utafiti kwamba anayefanya hivi afukuzwe. Mwalimu akifundisha siku hizi natazama chini.

Yeye mwenyewe amesema mtu mzima hafichwi. Naomba ruhusa nimwandikie.

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu,

Maneno ya kwamba mtu mzima hafichwi husemwa na mtu ambaye bado hajafichwa kitu. Vumilia kidogo. Muuguzi amepata tiketi, anaondoka kabla ya katikati ya mwezi ujao. Ukiandika leo, barua itamtangulia, naye atabisha hodi kwenye mlango wa mtu aliyekwisha kulia peke yake. Hilo ndilo ninaloliogopa. Nisaidie tusifike huko.

Usingizi mimi pia sipati. Saa za kibandani zote zinanisema.

Mjomba wako


25 Mei

Mdogo wangu,

Amekuja. Mwanamke mfupi ndani ya koti la kuazima, mikono ya koti imemfunika vidole. Alipiga hodi, hodi yenyewe, kwa sauti. Tangu nifike huku sijapigiwa hodi. Nikamkaribisha, nikampa kiti, mimi nikakaa kitandani. Akauliza kama nimekula. Akauliza masomo. Kisha akatazama viatu vyake, nikaona anatafuta pa kuanzia. Nilijua anachotaka kusema. Nimekijua tangu mwisho wa mwezi wa tatu.

Kile kifurushi cha pili cha mwalimu wenu kilikuwa na gazeti lenu la mazoezi. Profesa alinipa nilipitie. Ukurasa wa mwisho, ndani ya fremu nyeusi, wanafunzi wa mwaka wa pili wanampa pole mwenzao kwa kufiwa na mama yake mzazi. Na jina lako, limepigwa chapa vizuri, halina kosa. Ni wale wale waliouliza nani atakwenda kuwaambia. Nadhani waliona familia ni wewe, na wewe umeshajua. Hakuna aliyekumbuka kuwa familia hiyo ina mtu mwingine, amekaa mbele ya dirisha linalotazama ukuta. Profesa aliniuliza kama wanaandika vizuri. Nikamwambia wanaandika vizuri. Nikaomba ruhusa, nikajifungia chooni nikiwa bado nimelishika gazeti.

Siku chache baadaye ikaja barua yako na Maneno ya Mama. "Mwanangu mpenzi." Redio, mama alituita mpenzi lini? Nilijua ni wewe. Ningepaswa kukasirika, maana nilikuwa nimekuandikia kwa mkono wangu kwamba mtu mzima hafichwi. Badala yake nikakuomba mengine. Niliona kwamba siku utakayoacha kuyaandika ndiyo siku atakayokufa. Lile kapu la nguo nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nilijua si kweli, na nililisoma.

Basi yule muuguzi akasema kwa sauti ndogo, "Mama hatunaye." Na mimi, niliyelijua jambo hilo muda wote huo, nililia kama ndiyo kwanza nasikia. Alihama kitini akaja kuketi kando yangu. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu yule wa mlango wa kushoto alibisha, akaingia, akasimama katikati ya chumba bila kujua aweke wapi mikono yake. Muuguzi akamwonyesha kiti. Tukawa watatu, chumba kikajaa, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Kujua nilikuwa nimejua. Kuambiwa, nilikuwa sijaambiwa. Mambo haya mawili niliyaweka safu moja, nikawaandika wenzako Hakujibu.

Nimemwomba Profesa tufungue safu ya tatu kwa wale walioandika pembeni. Nilimweleza sababu, yote. Alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema safu haziongezwi utafiti ukiwa katikati, ila ataweka maelezo chini ya ukurasa. Maelezo hayo nimeyaandika mimi. Ni mistari miwili, kwa herufi ndogo.

Muuguzi sikumwambia kwamba alichelewa. Mjomba naye usimwambie.

Sasa wageni wameondoka, kiti kimerudi mahali pake. Nakuomba Maneno ya Mama kwa mara ya mwisho, yale aliyoyasema. Kama alisema jambo kunihusu, liandike lilivyo. Kama hakusema, andika kwamba hakusema. Usinitengenezee.

Kaka yako


14 Juni

Shikamoo Kaka,

Barua yako niliisoma nimekaa sakafuni, nikabaki pale pale mpaka jirani alipokuja kuniita.

Lile gazeti sikuliona likiandaliwa. Wiki ile sikuwa darasani. Walitaka kuniheshimu, na nikikuambia kweli, niliporudi nikalikuta, niliwashukuru. Sikuwaza kwamba lingefika kwako. Mimi, mhariri wa ukurasa wa pili, mwenye kaka anayepokea vifurushi vya mwalimu wangu, sikuwaza. Nimewasomea kipande cha barua yako. Mwenzangu wa dawati la nyuma alitoka nje, hakurudi kipindi kile. Mjomba sijamwambia. Amenunua bahasha mpya ya kukuandikia wewe mwenyewe, anasema muuguzi amemwambia ulipokea vizuri, na kwamba ilikuwa sawa kusubiri. Ameanza kulala. Mwache alale.

Nisamehe kwa kapu. Nisamehe kwa wimbo pia.

Sasa ulichoniomba. Ilikuwa asubuhi, siku chache kabla. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake na kalamu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukuandikia. Mjomba alikuwapo, amepanda juu ya stuli anatengeneza saa ya ukutani. Nimemuuliza tena wiki hii bila kumwambia sababu, naye anayakumbuka maneno hayo hayo. Nilisema, "Mama, nimwambie nini Kaka?" Akafumba macho nikadhani amelala. Halafu akajibu. Halikuwa jibu la kumwandikia mtu aliye mbali, niliona haya kukupelekea, ndipo nikaanza kubuni.

Maneno ya Mama (nimeandika alivyosema, sijagusa kitu):

"Nimwambie nini tena? Nimeshamwambia yote. Muulize yeye, soksi zimekauka? Na wewe sogeza hicho kiti, nipate hewa."

Nilisogeza kiti. Hakutaja tena habari zako. Barua yako iliyosema zimekauka ilifika siku tuliyomzika.

Redio